Maharage Juu ya Mpaka

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Mukankusi kwenye mteremko wa Nyakarenzo, furushi la mchele wa Bugarama kichwani, miguu imekataa kusonga. Wengine mmenisimamisha barabarani Kamembe kuniambia kwamba bila shaka aliona maiti. Hapana. Kilichomtisha ni kitu ambacho hakikuwepo.

Ua haukuwepo.

Ule ua wa miyenzi, miti ya vijiti vya kijani visivyo na majani, uliotenganisha shamba la mumewe na shamba la shemeji yake kutoka barabarani hadi kijitoni, ulikuwa umekatwa wote. Mahali pake palikuwa na udongo uliosawazishwa vizuri, na ndani yake mbegu za maharage. Mashamba mawili yalikuwa yamegeuka moja, utadhani baba mkwe wake hakuwahi kuzaa wana wawili.

Mukankusi aliweka furushi chini. Alikuwa ameacha mavuno ya watu huko bondeni akarudi mbio, kwa sababu leo ndiyo siku tume ya viwanja ingepita kilimani kwao.

Kwa anayeanza kusoma leo, nieleze upesi. Komine, ndiyo serikali yetu ya mahali, ilitaka kujenga senta kando ya barabara, na ilikuwa imetoa kanuni mpya za kugawa ardhi. Ndugu hawataruhusiwa tena kukatiana vipande. Shamba ambalo halijagawanywa litaandikwa kwa jina la mwanamume mkubwa wa familia. Lililogawanywa zamani litaheshimiwa, ila mpaka wake uonekane siku tume inapopita, na shahidi aseme ni nani aliyeupanda.

Bila mpaka, basi, Mukankusi na binti yake Iriza walikuwa wageni kwenye shamba la Niyomugabo. Na Niyomugabo alikwisha kumwambia tangu Pasaka kwamba wageni huwa wanaaga wakaondoka.

Mumewe Adrien hakuwepo wa kumtetea. Mwaka wa tisini na sita, kambi za wakimbizi zilipovunjwa ng'ambo upande wa Bukavu, kila mtu alikimbia na njia yake. Mukankusi alitokomea msituni na mtoto mgongoni, na aliporudi nyumbani mwaka uliofuata alimkuta Niyomugabo ametangulia. Ndiye aliyempa habari. Alisema aliachana na Adrien kwenye njia ya kuingia msituni. Yeye aligeuka nyuma, Adrien akaendelea mbele na wale waliokataa kurudi.

"Alikuwa amevaa nini?" Mukankusi aliuliza siku hiyo.

Niyomugabo alijibu bila kufikiri: mkanda wa shitingi, wa buluu, uliotiwa uzi mwekundu. Mukankusi aliushona mwenyewe kambini, kutoka kwenye turubai la hema lao, kwa sababu njaa ilikuwa imemkondesha Adrien hadi suruali inamvuka. Basi akaamini. Mtu anayeujua mkanda ule alikuwa amemwona Adrien kweli.

Turudi shambani.

Niyomugabo alikuwa ameketi kwenye kigogo mbele ya nyumba yake, amevaa shati la kwendea misa.

"Shemeji, umerudia mbiyo," akasema. "Mupunga ya Bugarama iko muzuri hii mwaka?"

"Ua iko wapi?"

"Ua gani?"

"Niyomugabo."

"Miye naona shamba. Naona maharage ndani. Weye unaona ua?"

Mukankusi alimsogelea hadi akanusa sabuni aliyoogea. Alikuwa anamtazama macho. Kila mtu wa vilima hivi anajua kwamba umuyenzi ukikatwa hutoa maziwa meupe, na tone likikurukia jichoni, jicho linavimba na kuwaka kwa siku kadhaa. Hakuna anayekata ua mzima akatoka salama.

Macho ya Niyomugabo yalikuwa safi kabisa. Hakuwa yeye aliyeshika panga.

"Bantu ya tume beko nakuya," Niyomugabo akasema. "Enda ukanawe, shemeji. Usilie mbele yabo, haya itatushika siye bote."

Ni nani basi angesimama kumshuhudia? Jirani wa juu alikufa kwa kipindupindu kambini. Jirani wa chini alikuwa gerezani, akisubiri kesi ambayo hakuna aliyejua itasikilizwa lini. Wengine wote walihamia kilimani baada ya vita na hawakujua nani alipanda nini. Hiyo ndiyo Nyakarenzo ya miaka ile: ukitafuta shahidi, unahesabu makaburi kwanza.

Alibaki mmoja tu, mama mkwe wake Mukabaranga. Siku ua ulipopandwa ni yeye aliyewamiminia wanaume urwagwa, pombe ya ndizi, na alikuwa amemwahidi Mukankusi kwamba atasema. Alikula chungu kimoja na Niyomugabo, ni kweli, lakini Adrien alikuwa kitinda mimba wake na alimlilia kila jioni.

Mukankusi akazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta.

Huko alimkuta Uwamwezi, mke wa Niyomugabo, amepiga magoti, titi liko nje, mtoto mchanga amelala kwenye mkeka kando yake. Hakuwa anamnyonyesha mtoto. Alikuwa anakamulia maziwa yake machoni mwa kikongwe aliyelala chali mbele yake, dawa ile ile ambayo bibi zetu wote waliitumia kwa mtu aliyerukiwa na umuyenzi.

Kope za Mukabaranga zilikuwa zimevimba zikafunga kabisa.

Mukankusi alisimama hapo asijue afanye nini na mikono yake. Alitamani kumpiga mama huyu, naye hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono. Alitamani pia kukaa chini karibu naye alie.

"Maman," akasema. "Kumbe ni weye."

"Ni miye, mutoto wangu. Nilikata yote na panga. Sasa macho inawaka moto, sione kitu."

"Juu ya nini, Maman? Juu ya nini umenifanyia hivi?"

"Juu ya Adrien."

Na kikongwe akaeleza, huku maziwa ya Uwamwezi yakimtiririka mashavuni. Niyomugabo alikuwa amemwambia kwamba kanuni mpya zinachukua mashamba ya watu walio Kongo na kuwagawia wakimbizi wa zamani waliorudi. Tume ikikuta ua, itajua kwamba upande mmoja ni wa mtu asiyekuwepo. Ikikuta shamba moja, itaandika Niyomugabo, na siku Adrien atakaporudi atalikuta linamngoja.

"Bangelibeba," akasema Mukabaranga. "Mutoto wangu angerudia na kukuta bantu bengine banalima fasi yake. Ni vile nilikata."

"Niyomugabo angekuwa anakupenda angekata yeye mwenyewe."

"Alisema bakimuona na macho ya kuvimba batamupeleka kasho. Miye ni muzee, hakuna muntu atanifunga. Na alinionea huruma, usiseme hivyo. Alisema nisichimbe mizizi, itanishinda. Nikate chini-chini tu, kisha nipande maharage juu."

Msomaji, hayo maneno ya mizizi yaweke mfukoni. Mukankusi hakuyaweka. Alikuwa anasikia sauti za watu mbele ya nyumba.

Tume ilikuwa imefika.

Mbele alikuwa konseye Hitimana, diwani wetu, mtu mnene mwenye haraka ya kumaliza kilima kabla ya mvua. Nyuma yake bwana Kalisa wa komine, kijana mrefu, utepe wa kupimia begani, karatasi ya kanuni kwenye mfuko wa shati. Kalisa alizaliwa Bukavu kwa wazazi waliokimbia zamani, na Kinyarwanda chake kilichechemea. Kwa hiyo kazi yake aliifanya kwa Kiswahili, na hakuna aliyelalamika, maana nusu ya kilima walijifunza Kiswahili kambini kwa lazima.

"Hii ni shamba moya ao mbili?" Kalisa akauliza.

"Moya," akasema Niyomugabo.

"Mbili," akasema Mukankusi.

Kalisa akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu ambaye amejibiwa hivyo tangu asubuhi na amechoka.

"Kama ni mbili, mpaka iko wapi, maman?"

"Ilikuwa hapa. Baliikata niko Bugarama."

"Nani alikata?"

Konseye Hitimana alikuwa ametangaza kanisani na sokoni kwamba atakayegusa mpaka wa mtu atalala kasho ya komine, awe mwanamume awe mwanamke. Mukankusi alikuwa na jina ulimini. Akilitaja, kikongwe kipofu anafungwa. Asipolitaja, Iriza analala barabarani.

Niyomugabo alikuwa anatabasamu kidogo. Alijua kwamba shemeji yake ana roho nyepesi, na alikuwa ameipigia hesabu.

"Ni miye nilikata."

Wote wakageuka. Mukabaranga alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameshikwa mkono na Uwamwezi, uso umevimba na kulowa. Konseye Hitimana alivua kofia bila kujua kwa nini anaivua.

"Mama, rudia ndani," Niyomugabo akasema. "Juwa iko kali."

"Nyamaza kwanza. Bwana ya komine, iko wapi? Nataka nimuulize neno."

"Niko hapa, mukaka," Kalisa akasema, kama mjukuu kwa bibi yake, akasogea karibu naye.

"Shamba ya muntu iko Kongo, munaibeba?"

Kalisa akatoa karatasi, akaitafuta sehemu yenyewe kwa kidole. "Kama aliacha muke hapa, muke anachunga shamba. Hakuna muntu anaibeba. Imeandikwa."

"Kama iko na mpaka yake?"

"Kama iko na mpaka yake."

Midomo ya kikongwe ilicheza, na ilikuwa vigumu kumtazama. Alikuwa amelinda shamba la mwanawe kwa kukata ua wake, na sheria aliyoiogopa ndiyo ingelilinda.

"Basi nilikata bule," akasema. "Nilijipofusha bule. Sikia, bwana. Hii ua bwana wangu aliipandaka, Mungu amuweke pazuri. Huku ya Niyomugabo, huku ya Adrien. Miye nilimiminaka urwagwa, na hawa batoto bangu bote babili balikunywa. Andika vile."

"Mama ni muzee," Niyomugabo akamwambia Kalisa, kwa upole. "Tangu Adrien, muloko yangu, apotee, akili inakuya na kuenda. Lakini hata tuseme anasema kweli. Kanuni inasema mpaka ionekane. Konseye, weye unaona mpaka hapa?"

Konseye Hitimana alitazama maharage, akatazama kofia yake. "Sione," akakiri.

"Bwana Kalisa?"

Kalisa alikunja karatasi. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana kwamba inamuuma. "Maman, unisamehe. Shahidi iko, lakini mpaka haiko. Kama nikiandika yako, kesho kila muntu ataniambia alikuwa na ua. Nitaandika shamba moya."

Akachomoa kalamu.

Hivyo ndivyo mwanamke anavyopoteza kila kitu, msomaji: mchana kweupe, mbele ya watu wema, kwa mtu kuchomoa kalamu. Mukankusi alijikuta anafikiria furushi lake la mchele, kwamba ameliacha njiani na kuku watalitoboa.

"Mizizi iko," akasema Mukabaranga.

Kalamu ikasimama.

"Namna gani, mukaka?"

"Nilikata tu juu. Mizizi sikuchimba. Iko chini ya maharage, kutoka barabara mupaka ku mayi. Chimba, utaona maziwa inatoka. Umuyenzi haufe upesi hivyo."

Kalisa alimtazama konseye. Konseye alitikisa kichwa akikubali: mzizi unaotoa maziwa, uliopangwa mstari, ni mpaka, hata mtoto anajua. Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Lete jembe," akasema.

"Hapana."

Alikuwa Niyomugabo. Alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Hakuna haja ya kuchimba," akasema. "Mutaharibu maharage bule. Miye nakubali. Ni mbili. Ile upande ni ya shemeji. Andika, bwana Kalisa, niko hapa, nitaweka kidole."

Konseye Hitimana ndiye aliyepumua kwanza, akacheka cheko la kufurahi, akaivaa kofia yake. "Si munaona? Bandugu banaelewana. Na hii mambo ya mama kukata, siye hatukusikia. Bwana Kalisa, andika twende, tuko na mashamba mingi."

Kalisa akaandika. Niyomugabo akaweka kidole kwanza, haraka, wino ukamchafua hadi kiganjani. Kisha Kalisa akamgeuzia Mukankusi karatasi.

"Maman Iriza, umeshinda. Weka kidole hapa, kisha tutapiga mambo."

Mambo ni vile vigingi vyekundu vya mpaka, vilivyoegemea ukutani tayari. Mukankusi alivitazama. Alikuwa amevililia tangu Pasaka. Alipaswa kufurahi, na badala yake akageuka kumtazama shemeji yake.

Mtu huyu alikuwa amemdanganya mama yake hadi akapofuka, kwa ajili ya shamba hili. Alikuwa amelipata, kalamu ilikuwa imeshafika kwenye karatasi. Halafu anasikia neno jembe, na analiachia kama kaa la moto.

Nisichimbe mizizi. Sasa ndipo Mukankusi alipoyasikia yale maneno.

Akakumbuka na jambo jingine. Aliporudi kutoka Kongo, aliuona ua katikati una kipande kifupi kuliko vingine, miti michanga inayofika kiunoni tu. Alimuuliza shemeji yake, naye akajibu kwamba mbuzi waliula. Mbuzi wa wapi anayekula umuyenzi? Hata mbuzi wa wakati wa vita, aliyekonda mbavu nje, haugusi. Lakini siku hiyo miguu ya Mukankusi ilikuwa imeoza kwa msitu, mtoto alikuwa analia njaa, na alikuwa na shukrani mno kwa kupewa pa kulala hata asibishane na mtu kuhusu mbuzi.

"Bwana Kalisa," akasema. "Miye nataka tuchimbe."

"Lakini umeshinda, maman."

"Najua."

"Shemeji," Niyomugabo akasema. Alikuwa ananong'ona. "Beba shamba. Beba na upande yangu. Beba yote, miye nitaenda Bugarama na muke yangu. Lakini acha hii kitu ya jembe."

Uwamwezi alimgeukia mumewe taratibu. Hakuna aliyemwambia kwamba wanahamia Bugarama.

Mukankusi alilitoa jembe lililoegemea ukutani, akaingia kwenye maharage. Hakuhitaji kupima. Alikwenda moja kwa moja hadi katikati, pale kilipokuwa kile kipande kifupi, akapiga.

Mzizi ulikatika. Maziwa meupe yakatoka, yakateremka kwenye udongo mwekundu.

"Ile inatosha," Kalisa akasema kwa sauti. "Nimeona. Maman, inatosha."

Akapiga tena. Akaondoa udongo kwa mkono, akapiga pembeni, chini zaidi. Konseye alikuwa ameanza kumsogelea amzuie, kisha akasimama, kwa sababu jembe lilikuwa limenasa. Lilikuwa limeshika kitu laini kisichokatika.

Mukankusi alipiga magoti akakivuta.

Kilikuja polepole. Shitingi haiozi, msomaji, ndiyo sababu walitugawia ile. Kwanza ilionekana rangi ya buluu chini ya tope. Kisha mshono, ulionyooka halafu ukaenda upande pale mwishoni, pale ambapo mshonaji uzi ulikuwa unamwishia akaupigia mafundo mawili. Uzi haukuwa mwekundu tena. Lakini mafundo aliyajua, kwa maana aliyakata kwa meno yake mwenyewe, hemani, mwanamume wake akicheka kwamba sasa amekuwa tajiri, ana mkanda wa Umoja wa Mataifa.

Adrien hakuingia msituni. Adrien alirudi nyumbani, kabla yake, na mkanda huu kiunoni, akafukiwa hapa, na ua ukapandwa upya juu yake.

Kalisa alikuwa ameushusha utepe wake chini. Niyomugabo hakukimbia, alisimama pale pale, akimtazama mama yake, na mama yake pekee.

Kikongwe alikuwa ameinua uso wake uliofunga, akigeuza sikio huku na huku.

"Mbona munanyamaza?" akauliza. "Maziwa imetoka? Mumekuta mizizi?"

Mukankusi alikuwa anauzungusha mkanda kiganjani.

"Ndiyo, mama," akasema Niyomugabo. "Ni mizizi tu."

Mukankusi akainuka kutoka kwenye udongo, mkanda umezungushwa kwenye kiganja kimoja, jembe liko kwenye kingine, akaanza kumwendea.